Meru na Embu Hazijajificha, Wasee

Nimechoka na haya maneno: "kito kilichofichika." Kila wikendi kuna msee anatoka Nairobi na droni ya kukodisha, anapanda kilima cha Karue kule Embu, anapiga mawingu yakiwa chini yake, anaweka wimbo wa polepole, halafu anatuambia amegundua kito kilichofichika. Kimefichwa na nani? Watoto wa Runyenjes wanapanda hicho kilima tangu wajue kutembea. Kuna watu wanakata nyasi ya ng'ombe pale chini. Kuna jamaa wa bodaboda aliyekupeleka, na ukamwambia asimame kando asiharibu fremu.

Mimi pia napiga picha za safari. Hii barabara ya Makutano, Mwea, Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu hadi Meru mjini nimeipita mwaka huu mara nyingi kuliko nilivyoenda kwa kinyozi. Kwa hivyo usiniambie ni wivu. Ninachosema ni kwamba picha nyingi tunazoleta kutoka huku ni za uongo, na uongo wenyewe hauko kwa filta. Tunatoa watu. Tukishindwa kuwatoa, tunawaweka kama miti: hawana jina na hakuna aliyewauliza.

Na hii tabia haikuanza na TikTok. Chukua Mlima Kenya wenyewe. Mmisionari Mjerumani, Krapf, aliuona akiwa Kitui, Desemba 1849, na vitabu vikamwandika kama Mzungu wa kwanza kuuona. Sawa. Lakini Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, alikuwa ashamwambia kuhusu huo mlima. Baadaye Krapf akakutana na Waembu, wakamweleza kwamba watu hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Soma hiyo tena. Watu wa Embu walieleza theluji, na wakaeleza hadi sauti yake. Huko London wataalamu ambao hawajawahi kukanyaga hapa wakakataa katakata: ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mambo yalithibitishwa 1883, Mzungu mwingine, Joseph Thomson, alipokuja kujionea. Miaka 30 na zaidi ya ubishi, na waliokuwa wanaishi chini ya huo mlima walikuwa wameshajibu swali.

Kisha 1899 Mackinder akafika kileleni. Vilele vitatu vya juu vikapewa majina: Batian, Nelion, Lenana. Hao ni malaibon wa Kimaasai, watu wa heshima zao, sina neno nao. Lakini Waembu wana Kirenyaa, Wameru wana Kirimara, na kwenye ramani ya wapandaji hakuna kilele hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichopewa jina na jirani wa mlima. Sasa wewe ukifika na simu yako na kuita mahali "kito kilichofichika", unafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba wewe uko na bando.

Tuje upande wa Meru. Ukienda mbuga ya Meru utaonyeshwa kaburi la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na kina Adamson. Elsa alikufa 1961. Ana kaburi, ana kitabu cha 1960, ana filamu ya 1966, na watalii wanatoka mbali sana kusimama hapo kimya. Mimi mwenyewe nimesimama hapo, na ni mahali pazuri. Lakini hebu angalia akaunti za wale wanaopiga hiyo mbuga. Simba wa Meru ana jina. Binadamu wa Meru anaandikwa "mzee wa kijijini".

Na kuna mahali hii kitu inauma kweli. Mwaka jana nilikuwa Igembe, juu ya Maua, kwa shamba la miraa. Nilitaka kupiga wale wanaochuma, vile wanapanda hadi kwa matawi membamba juu kabisa wakitafuta vichipukizi vyekundu. Chini kuna wengine wanafunga vitita na kuvifunika kwa majani ya mgomba yasikauke, kwa sababu baada ya siku mbili hivi miraa inapoteza nguvu na bei inaisha. Ndio maana zile Hilux hukimbia vile. Mzee mmoja akashuka, akajipangusa mikono, akaniuliza, "Kijana, umekuja kununua ama kupiga picha?" Nikamwambia, "Picha, mzee, kama utakubali." Akasema, "Hiyo picha itaandikwa nini chini yake?"

Fikiria hilo swali. Hakuniuliza nitamlipa ngapi. Alijua picha ya mtu na miraa huwa inapelekwa wapi. Ukitafuta picha za miraa kwenye mtandao unapata shavu lililojaa na macho mekundu, na kichwa cha habari kuhusu uraibu. Mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku miraa, na Somalia ilipofunga soko kuanzia 2020 hadi 2022, walioumia kwanza ni watu kama yeye wenye karo ya kulipa. Ni mara ngapi umeona sura zao?

Embu ni hivyohivyo na muguka. Mei 2024 magavana wa Pwani walipopiga marufuku muguka na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha hizo amri, kwa simu yangu niliona majani kwenye karatasi ya plastiki na vijana wa Mombasa wamelala kwa veranda. Mkulima wa Mbeere, kwenye ardhi kavu ambayo mahindi hukataa, sikumwona. Sitetei muguka hapa, na wazazi wa Mombasa wana hoja zao nzito. Ila mjadala ukiendeshwa na picha za upande mmoja, mwenye kamera ameshapiga kura.

Nilimwambia yule mzee maneno nitakayoandika, nikamwandikia kwa simu mbele yake. Alirekebisha kitu kimoja: nilikuwa nimeandika "mchumaji", akataka "mwenye shamba". Ndio nikapiga.

Najua wengine mtaniambia ukiuliza, picha inakufa, mtu anasimama wima kama wa picha ya kitambulisho. Dakika tano za kwanza, ndiyo. Kaa ishirini. Nunua ndizi, ongea juu ya mvua, na kama ni shosho msalimie kwanza na umsikilize. Kazi itamrudisha kwa mikono yake na atakusahau. Msee akisema hana hizo dakika ishirini, basi asituambie amesafiri. Amepita tu.

Na kama heshima haikushtui, labda pesa itakushtua. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sura ya mtu ni data yake. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto. Sasa wewe mwenye ile video ya watoto wa Tharaka wakicheka bila viatu, ile yenye laiki nyingi na maneno ya "furaha haihitaji pesa", mzazi yupi alikubali? Furaha ya nani haihitaji pesa? Wewe si ulilipwa na kampuni ya begi kwa hiyo video?

Tufanye hivi. Chukua picha yako ya mwisho ya Embu ama Meru yenye mtu ndani. Niandikie hapo chini anaitwa nani, alikuwa anafanya nini siku hiyo, na kama ameshaiona. Ukikosa jibu, itoe. Nitaanza kusoma komenti saa mbili usiku.