Sophia Mustafa: Mhamiaji aliyeipeleka Arusha Bungeni

UCHAMBUZI

KILA uchaguzi unapokaribia nchini, swali la uraia wa wagombea huibuka tena. Huulizwa vikaoni, hunong'onwa mitaani, na mara nyingine humwondoa mtu katika kinyang'anyiro kabla wananchi hawajapata nafasi ya kusema lao. Historia ya Arusha inaonyesha kwamba swali hilo ni la zamani kuliko uhuru wenyewe, na kwamba liliwahi kupata jibu ambalo wengi wamelisahau.

Jibu hilo lina jina la Sophia Mustafa. Alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Kenya, na mwaka 1948 akahamia Arusha pamoja na mumewe, Abdulla Mustafa, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Miaka kumi tu baada ya kufika, akawa mjumbe wa kuchaguliwa wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, akiwakilisha Jimbo la Kaskazini ambalo makao yake makuu yalikuwa Arusha.

Mazingira ya ushindi huo hayakuwa mepesi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York. Katika eneo lenye jeraha bichi la namna hiyo, mtu asiye Mwafrika aliyeomba kura alikuwa na kazi ya kueleza yuko upande gani.

Aidha, utaratibu wa uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Katika kile kilichoitwa kura tatu, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, vinginevyo kura yake iliharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Masharti ya kipato, elimu au wadhifa yaliwaacha nje wananchi wengi.

TANU nusura ipasuke kwa sababu ya utaratibu huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe waukubali kwa shingo upande, chama kiwaunge mkono Waasia na Wazungu wenye msimamo wa uhuru. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuanzisha African National Congress, akitaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Septemba 1958 wapiga kura wa Jimbo la Kaskazini wakatoa uamuzi. Walioshinda ni Solomon Eliufoo, mwalimu wa Kichaga. Derek Bryceson, mkulima aliyezaliwa China kwa wazazi Waingereza. Na Sophia Mustafa. Wote watatu waliungwa mkono na TANU. Mtego uliotegwa ili kuwagawa watu kwa rangi ukawa ngazi ya kuwaunganisha.

Hata hivyo, ushindi huo haukufuta utata. TANU iliyomuunga mkono Sophia Mustafa haikuwa ikiwapokea wasio Waafrika kuwa wanachama. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1963. Kwa miaka kadhaa, basi, alitetea hoja za chama ambacho hakikuwa na kadi ya kumpa. Wajumbe wenzake Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, na Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden, walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilipojadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka rangi iwe kipimo. Mwalimu alikataa katakata, akaonya kuwa serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kuukana msimamo wa usawa. Muswada ukapita. Ndani ya ukumbi huo walikuwamo wabunge ambao nafasi yao katika taifa jipya ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa.

Mwaka huo huo Sophia Mustafa alichapisha kitabu, The Tanganyika Way, akieleza safari ya nchi kuelekea uhuru kwa macho ya mshiriki. Nao wananchi waliendelea kupima hoja ya Mtemvu: alipogombea urais mwaka 1962 alipata chini ya asilimia 2 ya kura.

Sophia Mustafa alikaa Bungeni hadi mwaka 1965. Mwaka 1989 alihamia Kanada, akaandika riwaya, na kufariki dunia huko mwaka 2005. Kuna watakaouliza kama kuondoka kwake hakuwapi haki waliomshuku. Hoja hiyo haina uzito. Mwakilishi hupimwa kwa kazi aliyoifanya akiwa na dhamana ya wananchi, si kwa mahali alipozikwa.

Funzo hilo halijashika mizizi. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Mwaka 2010 jina la Hussein Bashe lilienguliwa na CCM katika mbio za ubunge wa Nzega kwa madai ya uraia, ingawa mamlaka za serikali zilisema ni raia. Mwaka 2015 Bashe alichaguliwa kuwa mbunge wa Nzega Mjini.

Hakuna ubishi kwamba mbunge sharti awe raia. Katiba imesema hivyo. Tatizo ni pale sheria inapogeuzwa rungu la kisiasa, ikakumbukwa tu mtu anapokosoa au anapotishia nafasi ya mwingine. Aliyekaa nchini miaka mingi bila kuulizwa huulizwa ghafla babu yake alizaliwa wapi.

Wapiga kura wa Arusha, Meru na Kilimanjaro wa mwaka 1958 walikuwa na kila sababu ya kuchagua kwa hasira. Badala yake walimuuliza mgombea anasimamia nini. Taifa lililozaliwa na uamuzi wa aina hiyo halina udhuru wa kuuliza swali dogo kuliko hilo.