Kisasi cha sinema na shaba ya Kolwezi: tuangalie bunduki au mkataba?

Filamu za askari mstaafu anayerudi kulipiza kisasi karibu zote hufuata njia moja. Mtu ameacha kazi ya vita, anaishi kimya, kisha wakubwa wanamsaliti au wanaua watu wake. Anachukua silaha tena, na mwishoni aliyemtendea uovu anaanguka. Vijana wa Kolwezi wanazijua hadithi hizi kama wenzao wa Bukavu, Goma au Kalemie. Lakini ipo moja, ya zamani kidogo, ambayo msaliti wake anasukumwa na kitu kinachochimbwa hapa kwetu, yaani shaba.

Filamu hiyo ni The Wild Geese, iliyotoka Uingereza mwaka 1978. Inafaa kuikumbuka sasa kwa sababu askari wastaafu wa kigeni wameanza tena kutajwa kwenye habari za madini ya Kongo. Mwezi Aprili 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Erik Prince, mwanajeshi wa zamani wa Marekani na mwanzilishi wa kampuni ya ulinzi ya Blackwater, alikubaliana na serikali ya Kinshasa kusaidia kulinda madini na kukusanya kodi zake. Kwa wakaaji wa Lualaba, ambako ndiko chanzo kikubwa cha kobalti ya dunia, habari hiyo inauliza swali la maisha ya kila siku: nani atasimama na bunduki kwenye lango la mgodi, na atajibu kwa nani?

Rais aliyebadilishwa kwa mgodi

Katika The Wild Geese, tajiri mmoja wa London anamkodi Kanali Faulkner, mamluki mzee anayechezwa na Richard Burton. Kazi yake ni kumtoa gerezani Rais Limbani, kiongozi aliyepinduliwa katika nchi ya kubuni ya Afrika ya Kati. Faulkner anakusanya wastaafu wenzake 50, wanashuka kwa parashuti na kumkomboa Limbani. Ndege inayokuja kuwachukua inafika, kisha inaondoka bila wao. Tajiri yule amekwisha kupatana na utawala uliopo madarakani: yeye apate migodi ya shaba, na wao wampate Limbani. Wengi wa mamluki wanakufa porini, na Limbani naye anakufa. Miezi baadaye Faulkner anaingia nyumbani kwa tajiri London na kumuua.

Msomaji wa Katanga hahitaji kuambiwa hadithi hiyo ilitoka wapi. Ilijengwa juu ya uvumi kuhusu Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga iliyojitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Ndege aliyopanda Tshombe ilitekwa Juni 1967 na kupelekwa Algeria, naye akafia huko Juni 1969 akiwa kizuizini. Mshauri wa kijeshi wa filamu alikuwa Mike Hoare, mamluki aliyeongoza kikosi cha 5 Commando dhidi ya waasi Wasimba mwaka 1964 na 1965. Hata askari wa adui katika filamu wanaitwa Simba. Lakini picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi.

Jambo la kuangalia ni mwisho wake. Faulkner amelipiza kisasi na mtazamaji anaridhika. Je, ule mkataba wa shaba ulikwenda wapi? Filamu haisemi. Nchi iliyouzwa imebaki pale pale, na hatujui nani sasa anachimba, analipa nini wala anamlipa nani. Kwa mtazamaji wa London hilo ni jambo dogo, lakini kwa mtu wa Kolwezi ndiyo hadithi yenyewe.

Wastaafu wa kweli wa mwaka ule

Filamu ilionyeshwa London Julai 1978. Wiki chache kabla, tarehe 13 Mei, Kolwezi ilikuwa imevamiwa na wapiganaji wa FNLC wakiongozwa na Nathanaël Mbumba. Hao ndio askari wa zamani wa kweli katika historia hii. Wengi walitokana na majandarme wa Katanga waliokimbilia Angola baada ya Tshombe kuanguka. Huko waliwatumikia Wareno, baadaye wakawa upande wa MPLA. Mwaka 1977 walijaribu kurudi kwa nguvu katika vita ambavyo wazee wanaviita vita vya siku themanini. Mwaka 1978 wakafika Kolwezi yenyewe, mji ambao ndio uliokuwa ngome ya mwisho ya Tshombe mwezi Januari 1963.

Walikuwa na madai ya muda mrefu dhidi ya Mobutu, na walikuwa na silaha. Tarehe 19 Mei askari wa parashuti wa Légion ya Ufaransa waliruka juu ya mji. Vita vilipokwisha, Wazungu zaidi ya 100 na mamia ya Wakongo walikuwa wamekufa, na mji ulikuwa umeporwa. Vita hivyo viwili viliwaacha watu wengi, hasa Walunda, wakimbizi nchini Angola. Gécamines ilibaki mikononi mwa watawala wale wale wa Kinshasa. Mobutu naye alitawala miaka 19 zaidi.

Ufaransa haikukawia kutengeneza filamu yake. La Légion saute sur Kolwezi, ya Raoul Coutard, ilitoka mwaka 1980, ikiwa imepigwa Guyana ya Ufaransa, huko Amerika ya Kusini. Mwaka 2016 ikatoka The Siege of Jadotville, kuhusu askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Likasi mwezi Septemba 1961. Nayo ilipigwa Afrika Kusini. Katika filamu zote tatu shujaa anatoka nje, na mahali penyewe pamebuniwa mahali pengine. Mchimbaji, mama muuza chakula na karani wa Gécamines wanapita nyuma ya kamera.

Kutoka kwenye filamu hadi kwenye mkataba wa ulinzi

Wastaafu wa siku hizi hawaji na hadithi ya kisasi. Wanakuja na mkataba wa kazi. Kivu ya Kaskazini iliwaona Waromania waliokodiwa na serikali chini ya Horațiu Potra, mtu aliyewahi kutumika katika Légion ile ile ya Ufaransa. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, zaidi ya 280 kati yao walisalimu amri na kurudi kwao kupitia Rwanda. Walioachwa nyuma ni raia wa Goma, ambao hawakuwa na basi la kuwapeleka uwanja wa ndege wa Kigali.

Wanaounga mkono mpango wa kina Prince wana hoja ambayo si ya kudharau. Madini mengi yanatoka bila kulipiwa kodi. Polisi na wanajeshi waliowekwa migodini mara nyingi wanalaumiwa kwa kutoza pesa wachimbaji badala ya kuwalinda. Kama mgeni mwenye ujuzi anaweza kuhakikisha lori linapimwa vizuri kabla ya kuvuka Kasumbalesa, kwa nini tumkatae?

Jibu liko katika historia ya kampuni hizo zenyewe. Tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa Blackwater waliwaua raia 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Kesi ilichukua miaka mingi katika mahakama za Marekani, si za Iraq. Walinzi wanne walihukumiwa, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe. Prince mwenyewe hakuwa mshtakiwa katika kesi hiyo. Lakini somo kwa Kolwezi ni wazi: mwenye bunduki akitoka nje, hata haki inaweza kuhamia nje pamoja naye.

Na hapa bunduki tayari zinaua bila mgeni. Juni 2019 wachimbaji 43 walikufa udongo ulipoporomoka katika mgodi wa KCC, karibu na mji, na jeshi likapelekwa kuwaondoa wachimbaji wadogo, wale tunaowaita creuseurs. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja la muda lilianguka katika mgodi wa Kalando, eneo la Mulondo. Serikali ya jimbo ilihesabu angalau watu 32 waliokufa. SAEMAPE, idara ya serikali inayowasimamia wachimbaji wadogo, ilisema watu walikimbilia daraja kwa hofu baada ya wanajeshi kufyatua risasi. Familia za marehemu zina haki ya kujua nani alitoa amri. Swali hilo ni gumu hata sasa, wakati askari ni wa taifa letu na mahakama ya kijeshi iko hapa hapa nchini. Litakuwaje kama mlinzi ni mfanyakazi wa kampuni iliyoandikishwa ng'ambo?

Karatasi zimeleta zaidi kuliko risasi

Tukirudi kwenye filamu, kosa la yule tajiri lilifanyika mezani, kwa kalamu. Lualaba pia, hasara kubwa na faida kubwa zimepita mezani.

Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 uliipa Kongo ahadi ya barabara na majengo ya dola bilioni 3, na kampuni za China zikapata asilimia 68 ya mradi wa shaba na kobalti wa Kolwezi. Februari 2023 wakaguzi wa IGF walichapisha hesabu zao na kuonyesha jinsi taifa lilivyopunjwa. Machi 2024 mkataba ukasahihishwa, na fedha za miundombinu zikapanda hadi dola bilioni 7. Mtu anaweza kubishana kama zinatosha, na kama zote zitafika. Ila hakuna mamluki aliyezileta. Zilitokana na watu waliokaa wakasoma vifungu na kuhesabu.

Vivyo hivyo, Desemba 2022 Glencore ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180 kumaliza madai ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Na mwaka 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kuanzia Februari, kisha ikaweka kiwango maalum kwa kila kampuni kuanzia Oktoba: tani 96,600 kwa mwaka 2026 kwa nchi nzima. Masoko ya dunia yalitikisika kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa.

Cha kufuatilia

Kwa hiyo mkataba wowote wa ulinzi wa madini unapaswa kuulizwa maswali manne kabla ya kuuliza mlinzi amepigana vita gani. Je, umechapishwa ili mbunge na mkaaji wa Dilala au Manika ausome? Mlinzi akiua mtu, mahakama gani itamhukumu? Analipwa mshahara, au anapata sehemu ya kodi anayokusanya? Na kodi hiyo inafika wapi?

Swali la mwisho lina jibu katika sheria. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 25 ya mrabaha iende kwa jimbo na asilimia 15 kwa wilaya au sekta ambako mgodi uko. Juu ya hapo, kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Kila sekta ya Lualaba inaweza kudai hesabu hiyo kwa mwaka. Mlinzi mpya akija na fedha hizo zisiongezeke, basi amekuja kulinda kitu kingine.

Mike Hoare, aliyeshauri The Wild Geese, alijaribu kupindua serikali ya Ushelisheli mwaka 1981, akashindwa na kufungwa Afrika Kusini. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 100. Mbumba na watu wake hawakupata Katanga waliyoitaka. Shaba waliyoipigania wote bado inatoka kila siku kwa malori kuelekea Zambia. Inapita kwa karatasi, na karatasi hizo zina sahihi za watu wanaojulikana kwa majina.