Hela ya Tabora na Hukumu ya Hadubini

Siku hizi kosa lina bei. Sarafu kuukuu iliyotunzwa katika kijaluba cha bibi huko Kanyenye, mtaa mkongwe wa Tabora, mji ambao misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika kabla ya kugawanyika kwenda Ujiji na Karagwe, huwekwa chini ya hadubini ya kidijitali, ikakuzwa mara hamsini katika kioo cha kompyuta, kisha hukumu ikatolewa: hapa muhuri ulipasuka, hapa picha imekaa upande, hapa herufi ina kivuli. Anayehukumu hufurahi, kwa kuwa kila ila ni fedha. Lakini hukumu hiyo ina ila zake pia, nazo hazihitaji hadubini kuonekana.

Kwanza, ikumbukwe sarafu hizi zilizaliwa wapi. Kabla ya vita, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuja kwa meli kutoka Berlin zikiwa na alama ya A, au Hamburg zikiwa na alama ya J. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zikagongwa hela 5 na hela 20 za shaba, hizo za 20 zikipita milioni moja na nusu. Zikagongwa pia rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zilizozidi 16,000 kidogo, zenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zote zilitiwa alama ya T. Septemba mwaka uo huo Wabelgiji waliingia mjini, na kazi ikawa imekwisha. Ilikuwa kazi ya miezi michache tu, ya watu waliozoea kutengeneza magari ya moshi.

Hadubini ikitumiwa na mwenye ilimu, husema kweli. Muhuri wa chuma ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa huo, na juu ya sarafu hubaki mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa baadaye huchimba, hauinui. Mihuri miwili ikigongana pasipo kipande cha shaba kati yao, sura ya upande mmoja huacha kivuli upande wa pili. Herufi iliyochongwa mara mbili katika muhuri huonyesha ncha zilizogawanyika, ilhali herufi iliyoteleza wakati wa kugongwa huwa na ngazi bapa pembeni. Na sarafu ya bandia iliyomiminwa kwa kalibu hujitaja yenyewe kwa vishimo vya viputo. Elimu hii ni njema, na anayeibeza hajui thamani ya kusoma.

Ubishi uko katika neno «kosa». Kosa hupimwa kwa kanuni. Berlin kulikuwa na kanuni; Tabora kulikuwa na haja. Katalogi zenyewe huungama hivyo pasipo kujua: huzipanga hela 20 kwa taji kubwa na taji dogo, na kwa ncha za herufi L, iliyopinda au iliyochongoka, dhahabu huipanga kwa ncha ya pambo, ikiwa iko chini ya A au chini ya T katika jina la nchi. Je, ipi kati ya hizo ndiyo sahihi, na ipi iliyokosea? Hakuna ajibuye. Ni mihuri tofauti tu, kama nakala mbili za utenzi mmoja zilivyoandikwa na mikono miwili. Mhariri mwenye adabu hazifuti tofauti za nakala, wala hamwiti mnakili mjinga. Huuliza mkono ulikuwa wa nani.

Atasema msemaji: muhuri uliopasuka umepasuka, hata ukiitwa kwa jina la heshima. Naam, umepasuka. Lakini ufa ule ni habari ya chuma kilicholazimishwa kugonga kuliko uwezo wake, na ya fundi aliyeendelea kugonga kwa sababu hakuwa na mwingine. Ukurasa wa katalogi hutoa mwaka, madini na bei, fundi hayumo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena kuna kichekesho. Wakati wakusanyaji wanaigombea ncha ya L ya pili ya neno Heller, Waswahili waliitupa L hiyo zamani, wakaitupa na R ya mwisho, wakabaki na hela. Mbele ya kanuni ya Berlin, neno hilo nalo ni kosa la kugonga. Leo Berlin hailipi kwa Heller, na hela ingali ikizungumzwa kila siku sokoni Kanyenye. Lipi lililokosea?

Hasara kubwa ni ya mwenye kijaluba. Mnunuzi huiona picha katika kioo, muuzaji haoni ila uso wa mnunuzi. Basi sarafu huondoka kwa bei ya chuma chakavu, mara nyingine ikiisha kusuguliwa kwa ndimu na majivu ili ing'ae, kusugua ambako hufuta ule mstari uliotafutwa. Ikishaondoka, hakuna aandikaye ilitoka nyumba gani. Mwenye hadubini anayejidai mpenda historia na akigeuze kioo, bibi aone anachokiona yeye, kabla bei haijatajwa. Tena aandike mahali sarafu ilipotoka. Pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, iliyotembea katika njia hiyo hiyo, ilichorwa mizani. Mizani ina vitanga viwili.