"Soma Ufaulu, Usiamini": Ushauri Unaowaumiza Vijana Wetu

Kuna ushauri ambao mwanafunzi Mkristo wa sekondari huupata mapema, mara nyingi kabla hajamaliza kidato cha kwanza. Mwalimu wa historia akifika kwenye chimbuko la binadamu, au mwalimu wa biolojia akimtaja Charles Darwin, mtoto huambiwa na mzazi, na kiongozi wa umoja wa wanafunzi, wakati mwingine na mwalimu yuleyule aliyeshika chaki: andika hayo upate maksi, lakini usiyaamini, wewe ni mtoto wa Mungu. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema. Mimi nami ni Mkristo, nakiri kila Jumapili kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi, na nasema ushauri huu ni mbaya.

Unamzoeza kijana kuandika asichokiamini ili apate faida, na tabia hiyo haiishii darasani. Lakini zito zaidi ni kwamba umesimama juu ya dhana isiyo kweli: kwamba Biblia na biolojia ni mahasimu, anayemkaribia mmoja amemkana mwingine. Dhana hiyo imeenea hata watu wanaidhani ni sehemu ya imani, ilhali haimo katika kanuni yoyote ya imani tunayoikiri kanisani.

Anayesema mageuko ni habari ya mifupa ya kale tu, aitazame damu yetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekuwa akisomea udaktari na aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akichukua sampuli za damu katika jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba jeni ya selimundu, ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli. Kwenye nyanda za juu, hakufika hata mmoja kati ya mia. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe imejaa huku na huko ikosekane? Jibu alilichapisha mwaka 1954: malaria. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra. Palipo na mbu wengi watu hao walipona, wakazaa, wakarithisha. Kwenye baridi ya milimani, kinga hiyo haikuwa na kazi. Hayo ndiyo mageuko kwa uteuzi asilia, na ushahidi wake unatembea leo Kisumu, Mwanza, Tanga na Mombasa.

Vimelea vya malaria navyo havikukaa vilevile. Sisi tuliokua zamani kidogo tulimeza klorokwini, chungu kama shubiri, mpaka ikafika mahali haiponyi tena. Tanzania ikaiacha mwaka 2001, ikaja dawa iitwayo SP, nayo ikalemewa, ndipo tukapata dawa ya mseto. Kila mara vimelea vilivyostahimili dawa ndivyo vilivyobaki, vikazaana, vikaenea. Tunataka daktari Mkristo aliyeandika haya kwenye mtihani huku moyoni akiyakataa? Mgonjwa wake atahudumiwa na nusu gani ya akili yake?

Na kanuni za kurithishana tulizipata kwa nani? Kwa mtawa wa Kanisa Katoliki. Gregor Mendel, wa Shirika la Mtakatifu Augustino, alianza mwaka 1856 kupanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno. Alizichavusha kwa mkono, akahesabu mbegu za duara na zilizokunjamana, mwaka baada ya mwaka, maelfu ya mimea. Matokeo yakachapishwa mwaka 1866, na miaka miwili baadaye wenzake wakamchagua kuwa abate. Alifariki mwaka 1884, na ulimwengu wa sayansi ulikuja kumwelewa mwaka 1900. Kwa kanuni alizozigundua, muuguzi wa kliniki anaweza leo kuwaambia baba na mama waliobeba jeni ya selimundu kila mmoja kwamba katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu familia nyingi zinaumia. Mtoto anaanza kuvimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa. Ukoo wa mume unasema mke amekuja na laana ya kwao. Mke anapelekwa kwenye maombezi ya kukata minyororo ya ukoo. Jirani mzee anatajwa kuwa mchawi. Ndoa inavunjika, na mtoto anachelewa kufika hospitali. Njegere za yule mtawa zinasema ugonjwa huu umetoka kwa baba na kwa mama sawasawa, wala hakuna aliyeroga. Elimu inayomwondolea bibi kizee tuhuma ya uongo na kumrudishia mama heshima yake, mimi naiita tendo la huruma.

Mendel hakuwa peke yake. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard aliyemtetea Darwin nchini Marekani, alikuwa Mpresbiteri. Theodosius Dobzhansky, aliyeandika mwaka 1973 kwamba bila mageuko hakuna kinachoeleweka katika biolojia, alikuwa Mwothodoksi, na katika makala hiyohiyo alimkiri Muumba. Na hapa kwetu, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kulikuwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji na Mprotestanti mwenye bidii ya sala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 akasafiri kwa gari nchi kadhaa za Afrika, akiuliza hospitali hadi hospitali ugonjwa huo unaishia wapi. Kazi yake ndiyo iliyowafikisha watafiti wa London, mwaka 1964, kwenye virusi vya kwanza kujulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Nitaambiwa: Mwanzo inasema siku 6. Naam. Na Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo iliyo Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, aliuliza siku 3 za kwanza zilikuwa siku za namna gani ikiwa jua liliumbwa siku ya nne. Akawaonya Wakristo wasitumie Maandiko kusema mambo ya ovyo kuhusu maumbile mbele ya watu wanaoyajua, kwa kuwa watu hao watayadharau Maandiko hata yanapozungumzia ufufuo. Darwin alichapisha kitabu chake zaidi ya miaka 1,400 baadaye. Soma pia sura ya pili: Adamu anaumbwa kabla ya miti ya bustani na kabla ya wanyama, ilhali katika sura ya kwanza anakuja mwisho. Walioturithisha Maandiko waliiona tofauti hiyo wakaiacha, maana walitaka tujue ni nani aliyetuumba na sisi ni nani mbele zake.

Wala biolojia haisemi kwamba mtu amezaliwa na nyani huyu tunayemwona porini. Inasema sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Tunayemkiri kuwa Mwenyezi aliweza kumfinyanga mtu kwa dakika moja. Nani aliyemkataza kumfinyanga kwa miaka milioni?

Ugomvi huu una wachochezi upande wa pili pia. Richard Dawkins, mwanabiolojia aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, ameandika kana kwamba mageuko yamefunga habari ya Mungu. Hapo ametoka nje ya biolojia, maana hakuna darubini inayopima kama Muumba yupo. Kinachonihuzunisha ni kwamba wachungaji wetu wengi, wanaomwona kuwa adui, wamekubaliana naye katika jambo lilelile lililo kosa: kwamba ni lazima mtu achague.

Kijana unayejiandaa kwa mtihani wa biolojia, andika unachokielewa, ukielewe kwa dhati, na swali linalokusumbua lipeleke kanisani ukaliulize bila woga. Nanyi wachungaji na mapadri, makanisa yenu mengi huwataka wachumba wapime VVU kabla ya kufunga ndoa. Waongezeeni kipimo cha selimundu, na siku ya mafundisho ya ndoa mwiteni mtaalamu awaeleze majibu yana maana gani kwa watoto watakaowazaa.