Kaunta Inang'aa, Fundi Anakohoa

Si ajabu siku hizi kuona kaunta ya granaiti katika jiko la nyumba mpya mjini Kendu Bay. Watu wetu walioko Nairobi na Kisumu wanapojenga nyumbani hutaka jiko lifanane na lile walilozoea mjini. Sina ugomvi na urembo huo. Ugomvi wangu ni na vumbi lake, na jinsi sisi wenye nyumba, na hata sisi madaktari, tunavyolipuuza.

Msomaji ajue kwamba bamba la granaiti huja kutoka dukani likiwa tayari linang'aa juu. Kinachobaki ni ukingo, na hapo ndipo fundi huonyesha ustadi wake: mwingine huuzungusha, mwingine huuchonga mfano wa wimbi. Kaunta kuukuu ikimeguka, pengo huzibwa kwa gundi iliyotiwa rangi ya jiwe, kisha ukingo husagwa upya kwa grainda na kupigwa msasa, kuanzia ule mkwaruzo hadi ule laini kabisa. Kazi hii hulazimu uso kuwa karibu sana na jiwe. Ikifanywa kavu, fundi huinuka akiwa mweupe nywele na kope.

Lakini vumbi lililotua kwenye nywele silo la kuogopwa zaidi. La hatari ni lile jembamba lisiloonekana kwa macho, linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ndani yake mna silika, ambayo mwili hauwezi kuiyeyusha. Mapafu hufanya makovu kuizunguka, na kidogo kidogo pumzi hupungua. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini vumbi likiwa jingi mno hata miaka michache hutosha. Aidha, mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu.

Mawe hayalingani. Marumaru halisi ina silika kidogo. Granaiti mara nyingi huwa na robo yake au zaidi. Yale mawe ya kuundwa kiwandani, yanayouzwa kwa jina la kwazi, yanaweza kupita asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, baada ya vijana wengi wakata kaunta kuharibika mapafu.

Huku kwetu kuna jambo linalozidisha hatari. Kaunti za Homa Bay na Migori zimebeba mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Mwenye silikosisi huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu, na akiwa na virusi pia, hatari huongezeka maradufu. Isitoshe, magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, madoa kwenye eksirei. Basi kijana anakohoa, makohozi yanapimwa na hayaonyeshi kitu, anaanzishiwa dawa za miezi sita hata hivyo, na mwaka unaofuata anarudi vilevile. Wangapi kati yetu wamemwuliza anafanya kazi gani? Swali hilo halina gharama, na lingewafaa pia wasaga mawe ya dhahabu kule Nyatike.

Mafundi nao wana kinga zao. Wapo wanaoamini kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huteremka tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Leso iliyofungwa puani nayo huzuia vumbi nene tu.

Dawa ya vumbi ni maji. Jiwe likisagwa huku limelowa, vumbi jingi hugeuka tope. Hata hivyo, usimwambie fundi amwagie maji grainda ya kawaida ya umeme, maana utamwua kwa njia nyingine. Zipo mashine za kusugulia zilizotengenezwa kutumia maji, na ziunganishwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Juu ya hayo avae barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, iliyobana uso vizuri.

Fundi atasema mashine hiyo ni ghali, na ni kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi, lakini fundi wa jua kali anayelipwa kwa siku mwajiri wake ni nani? Kwa maoni yangu, anayetaka ukingo wa wimbi aongeze gharama ya maji katika bei, badala ya kuchagua fundi wa bei ya chini kuliko wote.

Na kabla hujamwita fundi, jaribu sifongo na maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kingo nyingi nilizoonyeshwa kuwa zimechakaa zilikuwa na mafuta ya kupikia tu. Ikiwa ni lazima zisagwe, jiwe litolewe nje, watoto wawe mbali, na tope lizolewe kabla halijakauka. Usifagie.