Kwa nini hawakumkimbia Maalim



Kila unapofika mwezi wa Februari, baadhi ya waumini wa msikiti wetu, hasa wale wenye asili ya Pemba walioweka maduka yao mtaani kwetu, humkumbuka Maalim Seif Sharif Hamad katika dua zao. Safari hii kijana mmoja wa darsa la jioni, ambaye Maalim alipofariki yeye alikuwa angali mtoto, aliuliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumelisikia likiulizwa waziwazi. Mtu aliyegombea urais wa Zanzibar mara 6, na mara zote 6 asitangazwe mshindi, ilikuwaje watu wasimkimbie? Maana kwa kawaida, alisema kijana yule, watu humfuata anayeshinda.

Swali hili halistahiki jibu la mkato la kwamba walimpenda. Mapenzi ya watu kwa mwanasiasa ni jambo jepesi kutamkwa na zito kuthibitishwa. Uwanja unaweza kujazwa kwa magari ya kukodi, kanga na fulana. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa msikiti anajua kwamba Ramadhani inapoangukia karibu na uchaguzi, simu za waheshimiwa huwa nyingi kuliko kawaida, na katika futari wanazoziandaa mpiga picha hufika kabla ya tende. Siwalaumu wote, kwani sadaka ni sadaka na malipo yake yako kwa Mola. Lakini anayekuja mara moja katika miaka 5 hawezi kusema kwamba anawajua watu, wala watu hawawezi kusema kwamba wanamjua.

Tuanze na jina lenyewe. Maalim ni mwalimu, na kwa watu wa pwani neno hili lina uzito wake, kwa kuwa ndilo tunalomwitia aliyetufundisha alifu na bee. Seif Sharif alizaliwa Oktoba 22, 1943, Nyali, katika Mtambwe, kisiwani Pemba. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ndio kwanza amemaliza masomo ya sekondari mjini Unguja. Chuo kikuu kikasubiri, naye akawekwa kufundisha, Unguja na Pemba, hadi mwaka 1972 alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla hajawa waziri, kabla hajawa Waziri Kiongozi, na kabla hajawa mpinzani, walikuwapo vijana wengi visiwani ambao walikuwa wamekaa mbele yake darasani. Mwanafunzi hakui akamsahau mwalimu wake. Vijana hao wakawa wazazi, na wakawafundisha watoto wao jina lile lile. Cheo cha serikali hupokonywa kwa barua, ila hiki cha ualimu hakuna aliyeweza kumpokonya.

Jambo la pili ni kwamba alionja walichokionja watu wake. Wapemba wa umri wa wazazi wetu wanazikumbuka siku za njaa, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati chakula kutoka nje kilipozuiliwa na mchele ukawa wa kupimiwa. Seif Sharif alipokuwa Waziri Kiongozi, kuanzia mwaka 1984 hadi Januari 1988, Zanzibar ilifungua biashara, bidhaa zikarudi madukani, na Katiba ya 1984 ikaweka haki za raia kwa maandishi. Hakuyafanya hayo peke yake; Mzee Ali Hassan Mwinyi ndiye aliyekuwa Rais wa Zanzibar mageuzi hayo yalipoanza, na lazima tumpe haki yake. Lakini mtu aliyewahi kupanga foleni ya mchele hukumbuka nani alikuwa ofisini foleni ilipoondoka.

Kisha akaanguka. Mwaka 1988 alifukuzwa CCM pamoja na wenzake kadhaa. Mei 1989 akatiwa mbaroni, akatuhumiwa kukutwa na nyaraka za siri za serikali, na hakutoka mpaka Novemba 1991. Miaka miwili na nusu gerezani ingetosha kumfanya mwanasiasa mwingine aombe radhi, apewe ubalozi wa mbali, na asahauliwe. Yeye alitoka, na mwaka uliofuata, vyama vingi viliporuhusiwa, akawa miongoni mwa waasisi wa CUF.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1995. Kwa hesabu za Tume, Dk. Salmin Amour alipata kura 165,271 na Maalim Seif 163,706, yaani tofauti ya kura 1,565 tu. Viti vyote 21 vya Baraza la Wawakilishi huko Pemba vilichukuliwa na CUF. Mwaka 2010 tofauti ilikuwa kura 3,471. Kwa hiyo kijana wetu anaposema kwamba Maalim alishindwa mara 6, inafaa ajue aina ya kushindwa kwenyewe. Mwaka 2015 Mwenyekiti wa Tume aliufuta uchaguzi wote kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa, na CUF ikaususia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016.

Hapa sina budi kulitaja jambo ambalo wapenzi wa Maalim hawapendi litajwe, nalo ndilo linalozihusu hasa kurasa hizi za familia. Mapenzi yale yalikuwa na ukali wake. Baada ya 1995 watu wa Pemba walisusiana. Mwenye chama hiki hakununua dukani kwa mwenye chama kile. Watu waliachana misikiti, wengine wakakataa kuswali nyuma ya imamu kwa sababu ya kadi iliyokuwa mfukoni mwake. Walikataa kuhudhuria harusi, na zito zaidi, walikataa kuzikana. Ndoa zilivunjika. Ndugu wa tumbo moja walipitana njiani bila salamu. Ni kweli kwamba watu walikuwa wamejeruhiwa, kwani wapo waliofukuzwa kazi kwa asili yao tu, na mwishoni mwa Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mwenye msiba kama huo haambiwi kwa urahisi amtembelee jirani yake. Hata hivyo jeneza halina chama, na kuzikana ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake ambayo hakuna tume ya uchaguzi inayoweza kuifuta. Nathubutu kusema kwamba viongozi wa pande zote mbili, Maalim akiwemo, walichelewa mno kulikemea jambo lile kwa sauti ile ile waliyoombea kura.

Lakini alipokuja kulikabili, alilikabili kwa namna ambayo kwangu mimi ndiyo jibu la swali la kijana.

Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu ya Zanzibar kukutana na Rais Amani Abeid Karume, wakiwa wawili. Tangu uchaguzi wa 2005 CUF ilikuwa haimtambui Karume kuwa ni Rais, na kutomtambua huko kulikuwa kama nguzo ya imani ya kisiasa kwa wafuasi wake. Siku chache baadaye Maalim alisimama mbele ya watu wake katika uwanja wa Kibandamaiti, Unguja, akawaambia kwamba sasa wanamtambua. Uwanja ule uliozoea kumshangilia ulimzomea. Baadhi walipiga kelele za kukataa.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Kumwambia mfuasi wako kwamba adui yake ni mwovu hakukugharimu kitu. Gharama iko katika kumwambia kwamba utakwenda kuketi na yule unayemdhania hivyo, na kwamba naye aende akamsalimie jirani yake. Mwanasiasa aliyeunganishwa na watu kwa fulana na sukari hawezi kuyasema hayo, kwa kuwa hana akiba ya kutumia. Maalim alikuwa na akiba ya miaka 40, tangu ubao na chaki, na siku ile aliitumia karibu yote. Wale waliomzomea hawakurudisha kadi. Walikwenda nyumbani, wakanung'unika, wakajadiliana barazani, na Julai 31, 2010 kura ya maoni ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipita kwa asilimia 66.4. Waliosusiana wakaanza kuzikana tena. Novemba mwaka huo Maalim aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, chini ya Dk. Ali Mohamed Shein ambaye alikuwa amemshinda kwa zile kura 3,471.

Watakaosema kwamba alitaka cheo tu, nawaacha na hoja yao. Cheo angeweza kukipata miaka mingi nyuma, kwa bei nafuu zaidi.

Machi 2019 akajaribiwa kwa namna nyingine. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliompa Profesa Ibrahim Lipumba uongozi wa CUF, na siku ile ile Maalim akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Alisema maneno ambayo mvuvi yeyote wa Mtambwe anayaelewa bila mkalimani: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Kwa muda mfupi matawi yaliyokuwa ya CUF Unguja na Pemba yalipakwa rangi ya zambarau na bendera zikabadilishwa. Waandishi wengi walilisifu tukio lile kuwa ni ushahidi wa nguvu ya mtu mmoja, na ni kweli. Mimi liliniacha na wasiwasi. Chama kilichojengwa kwa miaka 27, kwa damu na vifungo, kilihama kama jahazi moja kwa sababu nahodha wake amehama. Kwa mtu mwenye uaminifu hilo ni neema, lakini tungesemaje kama nahodha angekuwa mwingine? Kamati za misikiti zinalijua tatizo hili vizuri. Imamu mwenye kupendwa akiondoka, nusu ya safu huondoka naye, na wanaobaki hugundua kwamba walikuwa wakimfuata mtu na kusahau jambo lililowakutanisha. Sina hakika kama Maalim alilimaliza deni hilo kabla ya kuondoka duniani.

Mtihani wa mwisho ulikuja baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020. Matokeo rasmi yalimpa asilimia 19 na ushei. Alikamatwa katika siku hizo za uchaguzi, na chama chake kilisema kwamba watu wake waliuawa Pemba. Wafuasi wengi hawakutaka kusikia neno umoja. Desemba 8 aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, safari hii chini ya Dk. Hussein Mwinyi. Wapo waliolia kwa hasira. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba bila ya kuingia ndani hakuna atakayewasemea, na kwamba visiwa vile haviwezi kurudi kwenye mazishi ya kususiana. Wakakubali kwa shingo upande, lakini wakakubali.

Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza hadharani kwamba Maalim na mkewe wameambukizwa korona. Wasomaji wanakumbuka hali ya siku zile: takwimu za nchi zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwaka uliotangulia, na aliyefiwa alinong'onezwa sababu ya kifo cha mzazi wake. Kiongozi wa ngazi yake kutangaziwa maradhi yale kwa jina lake halikuwa jambo dogo. Familia nyingi mtaani kwetu zilianza kuvaa barakoa wiki ile, na mimi mwenyewe nilipokea maombi ya kuwekwa maji na sabuni mlangoni mwa msikiti kutoka kwa watu waliokuwa wakiyacheka mambo hayo. Alifariki Februari 17 katika Hospitali ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 77. Dk. Mwinyi, mpinzani wake wa miezi 4 nyuma, ndiye aliyeitangaza tanzia na siku 7 za maombolezo, na siku ya pili Maalim akazikwa kwao Mtambwe.

Ijumaa iliyofuata waumini wenye asili ya Pemba waliomba kusoma khitma msikitini kwetu. Kamati iligawanyika. Wapo waliosema kwamba kumsomea mwanasiasa ni kuufungulia msikiti mlango wa siasa, na kwamba kesho watakuja wa chama kingine na sisi hatutakuwa na la kuwajibu. Hoja ile ilikuwa na uzito, na mimi kama katibu niliiandika ilivyo. Aliyeimaliza ni mzee mmoja, kada wa CCM tangu ujana wake, ambaye mwaka 2000 alikuwa akisimamia kura za chama chake huko Unguja. Alisema kwamba wakija wa chama kingine na maiti wao tutawasomea na wao, kisha akauliza juzuu zimewekwa wapi. Yeye alichukua juzuu ya kwanza. Tulimaliza baada ya Isha, na kahawa ilitolewa na mwenye duka la kona ambaye, kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuuziana naye hata kiberiti.