GESI HAIISHI, YAVUJA



Kuna maneno mawili yanayowala pesa wanachama wetu wa Timbwani kila msimu wa joto, nayo ni haya: "Gesi imekwisha." Mwenye motokaa huambiwa hayo, hutoa pesa, hujaziwa, hupata baridi majuma mawili matatu, kisha hurudi akaambiwa yale yale. Mimi nasema maneno hayo ni uongo, na anayeyasema ama haijui kazi yake, ama aijua mno.

Wengi wetu twafanya kazi ng'ambo, twavuka na feri, na siku ya mapumziko twashika spana uani ili tujiongezee riziki. Wengine ni madereva wa teksi, na abiria wa siku hizi hataki gari lisilo na AC, hasa mwezi wa Machi jua la Mombasa likiwa limeshika. Kwa hiyo msidhani naandika juu ya anasa ya matajiri. Naandika juu ya unga.

Tuanze na mashine yenyewe, maana mtu akiijua hadanganywi. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Kompresa huikaza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huitoa joto ikageuka maji maji, kisha hupita katika tundu jembamba na kuingia koili iliyo nyuma ya dashibodi. Hapo huchemka, hunyonya joto la ndani ya gari, na kurudi kwa kompresa. Njia yote imefungwa. Ni kweli mipira na sili hupitisha kidogo kidogo kwa miaka, sikatai. Lakini gari lililojazwa leo, na kabla ya mwezi kuandama likawa tanuri tena, lina tundu, na tundu haliwezi kuzibwa kwa kujazwa.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa breki za upepo. Treni haiondoki kabla breki hazijapimwa. Bomba likivuja, hakuna atakayesema "upepo umekwisha, ongeza twende." Patatafutwa mahali panapovuja, na mkaguzi atasimama hapo mpaka papatikane. Iweje basi mtu yule yule, akivua sare na kuvuka maji, akubali kwa motokaa ya jirani yake upuuzi ambao kazini asingeuthubutu?

Kulitafuta tundu si uchawi. Gesi ikitoka hutoka pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo penye doa la mafuta lililoshika vumbi ndipo pa kutazama kwanza. Paka povu la sabuni kwenye maungio, uone panapotoa mapovu. Tazama zile vali mbili za kujazia, ambazo zina ulimi ndani kama vali ya tairi, na ambazo mara nyingi zimekosa vifuniko vyake. Tazama kondensa, kwa sababu ni ya aluminiamu na chumvi ya bahari huila. Gari linalolala karibu na pwani mwaka mzima si sawa na gari la Nairobi.

Na mara nyingine gesi haina kosa hata kidogo. Dereva asema: nikiwa mwendoni napata baridi, nikisimama foleni ya feri ya Likoni baridi yakata, nikipata mwendo tena yarudi. Mjaza gesi humjibu, "Imepungua, tuongeze." Ndugu, gari hilo laomba upepo! Likiwa mwendoni, upepo wa njia huipoza kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Basi tazama kama feni yazunguka. Tazama fyuzi yake na relei yake. Tazama kama kondensa imezibwa na matope na wadudu, uioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi yasije yakalaza mapezi yake. Ukimsikiliza mjaza gesi ukaongeza, presha yazidi, kompresa yalemewa, na dereva ambaye angetengenezewa kwa bei ya feni sasa atafuta kompresa. Pia kuna chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi ya Japani hukaa nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria. Nimeona gari likijazwa gesi mara mbili hali chujio lake limeziba kama godoro. Mambo haya yote mwanachama aweza kuyafanya uani kwake kwa mikono yake, bila kuifungua gesi hata chembe.

Tena kuna hila ya geji. Fundi hufunga geji injini ikiwa imezimwa, sindano husimama karibu na pauni 95 au 100, naye hutangaza kwamba gesi ni tele. Kwa joto la digrii 30, gesi ya R134a husimama papo hapo iwe ndani mna gramu 500 au gramu 200, maadamu bado kuna maji maji ndani. Ni kama mtungi wa kupikia: presha haikwambii umebaki kiasi gani, ndiyo maana mama nyumbani huutikisa. Kiasi cha gesi chaandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na hupimwa kwa mizani. Mjazaji asiye na mizani akukisia tu, nawe wamlipa kwa kukisia.

Sasa nije kwenye jambo linalonikasirisha zaidi, nalo ni mikono na macho ya vijana wetu.

R134a huchemka kwa digrii 26 chini ya sufuri. Ikimrukia kijana mkononi yaigandisha ngozi. Ikimrukia jichoni, jicho laweza kupotea. Miwani na glavu havigharimu hata sehemu ndogo ya jicho. Wako wanaojaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na yaleta baridi. Ni kweli yaleta baridi. Lakini koili ikivuja, gesi hiyo huingia ndani walimo abiria, na cheche moja yatosha. Wako wanaopima tundu kwa upepo wa kompresa ya matairi, hali R134a ikichanganyika na hewa chini ya presha yaweza kuwaka. Na wako, Mungu atuhifadhi, wanaotumia oksijeni ya kuchomelea, wakati mle ndani mmejaa mafuta. Chombo cha kupimia ni nitrojeni kavu. Magari mapya zaidi yanayoshushwa Kilindini yaweza kuwa na gesi ya R1234yf, ambayo hushika moto, na yale ya haibridi yana nyaya za rangi ya machungwa zenye umeme wa kuua, na kompresa yake hutaka mafuta ya namna yake. Soma kibandiko kabla ya kushika spana.

Nani hupata faida kwa hatari hii? Wako wenye magari, matajiri wa magari mengi, ambao hawapeleki gari gereji. Hulituma uani usiku, kwa spanaboi asiye na karatasi, kwa nusu ya malipo. Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awawekee bima wafanya kazi wake. Lakini kijana akiungua uani, tajiri huyo husema simjui, nilimpa kazi ya siku moja. Hapo ndipo alipopata unafuu wake: si kwa ufundi, ni kwa jicho la mtoto wa mwenzetu.

Na wako mabwana wa upande mwingine wasemao dawa ni kupiga marufuku kazi ya uani. Hawa hawalipi kodi ya chumba Likoni. Ukiifunga kazi ya uani, dereva hataenda gereji kubwa, atakwenda uani gizani. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda hupima hata mafundi waliojifunza kwa mikono, na kuwapa daraja la 3, la 2 au la 1. Vijana wetu wapelekwe huko wapimwe. Na wafundishwe kuikamata gesi ya zamani katika mtungi badala ya kuimwaga hewani, kwa kuwa kilo moja ya R134a hulipasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za moshi wa kaboni, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi za namna hii.

Ombi langu kwa tawi ni hili. Tununue kwa shirika pampu ya kunyonya hewa, geji nzuri, mizani, mtungi wa kukamatia gesi, na rigyuleta ya nitrojeni. Fundi mmoja hawezi kuvinunua vyote. Wanachama hamsini waweza. Pampu ndiyo ya lazima, maana hewa ya pwani ina maji mengi, na maji yakibaki ndani ya mabomba hugeuka asidi na kuila kompresa. Ifanye kazi nusu saa au zaidi, si dakika tano kama wafanyavyo wenye haraka, kisha ifungwe na sindano itazamwe kama yapanda. Ikipanda, hakuna kujaza. Kanuni iandikwe hivyo na ibandikwe ukutani: gari ambalo tundu lake halijaonekana halijazwi, hata mwenyewe akilia.

Nani atavitunza vyombo hivyo, naliachia tawi lichague. Ila asiwe mwuza makopo ya gesi.